Mtoto Mwenye Usonji na Chakula Chake



Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo katika nyumba nyingi huonekana dogo, lakini katika nyumba nyingine huleta machozi mara tatu kwa siku. Jambo hilo ni kumlisha mtoto. Hasa tutazungumza juu ya mtoto mwenye usonji, yaani mtoto ambaye ubongo wake umekua kwa namna ya peke yake, hata usemaji wake, michezo yake na mazoea yake yakawa tofauti na ya wenzake.

Sababu ya kuchagua somo hili ni hii. Mama wa mtoto kama huyo hubeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni mtoto asiyekula. Mzigo wa pili ni maneno ya watu. Jirani husema mtoto amedekezwa. Shangazi husema, "Mwacheni alale na njaa siku mbili, atakula tu." Mwingine hushauri mtoto akabwe na kunyweshwa uji kwa nguvu. Wapo pia wanaouza unga wa bei kubwa, wakiahidi kwamba mtoto atapona akiacha mkate na maziwa.

Katika somo hili tutaona kwamba mtoto huyu hakatai chakula kwa ukaidi. Tutaona vile vile kwamba njaa na fimbo si dawa yake, na kwamba ziko hatua ndogo ndogo ambazo mzazi wa Kivukoni, Kariakoo au Gerezani anaweza kuzifuata kwa vyakula vya masoko yetu wenyewe.

1. USONJI NI NINI?

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana katika maisha ya mtoto, nayo hudumu naye hata anapokuwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo si jambo la nyumba moja au mbili tu.

Aliyeeleza hali hii kwa mara ya kwanza kwa jina tunalolifahamu leo ni Daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore huko Marekani. Mwaka 1943 alitoa maandishi juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Aliona kwamba watoto hao walitaka sana mambo yabaki vile vile siku zote. Tena aliandika kwamba kadhaa kati yao walikuwa na shida kubwa ya kula tangu uchanga. Basi tunaona kwamba shida ya chakula ilionekana pamoja na usonji tangu mwanzo kabisa.

Kwa bahati mbaya, kwa miaka mingi baada ya hapo wako wataalamu waliomlaumu mama. Walisema mtoto amekuwa hivyo kwa kuwa mama yake hana upendo. Mwaka 1964 mwanasaikolojia wa Marekani, Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kilichopinga fikira hizo na kueleza kwamba asili ya usonji imo katika mwili, si katika moyo wa mama. Siku hizi wataalamu wamekwisha kuiacha lawama hiyo. Inasikitisha kwamba hukumu iliyokwisha kufutwa vitabuni bado inatolewa vibarazani.

Hapana budi tukumbuke pia kwamba watoto hawa hawafanani. Mmoja hasemi kabisa, mwingine husema sana juu ya jambo moja alipendalo. Mmoja hula vyakula vitatu tu, mwingine hula kila kitu, hata visivyo chakula. Kwa hiyo mzazi asishangae akiona kwamba ushauri uliomfaa mtoto wa jirani haumfai wake.

2. KWA NINI MTOTO HUYU HUCHAGUA SANA CHAKULA?

Kila mtoto mdogo huchagua chakula kwa kiasi fulani. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukataa mchicha leo na kuula wiki ijayo. Lakini mtoto mwenye usonji huchagua zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Mara nyingine vyakula anavyovikubali hupungua badala ya kuongezeka. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakayalinganisha. Waliona kwamba shida za kula kwa watoto wenye usonji zilikuwa karibu mara 5 ya zile za watoto wengine, na kwamba watoto hao walipata protini na kalsiamu kidogo kuliko wenzao. Protini hujenga mwili, na kalsiamu ni madini yanayojenga mifupa na meno.

Sasa tutazame sababu zenyewe. Ziko nne ambazo mzazi hana budi kuzijua.

(a) Milango ya fahamu. Sote tulifundishwa shuleni kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kwa watoto wengi wenye usonji milango hii ama imefunguka mno ama imefunguka kidogo mno. Jambo hili lina uzito kiasi kwamba mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza katika dalili za kuutambulia usonji. Harufu ya dagaa inayokaangwa, ambayo kwako ni njaa tu, kwake inaweza kuwa kama moshi machoni. Mlenda unaoteleza, nyuzi za embe menoni, donge moja ndani ya uji, tone la mchuzi lililogusa wali mweupe, yote haya yanaweza kumtapisha kweli kweli. Haigizi. Mtoto mwingine mlango wake umefunguka kidogo, naye hutafuta vitu vya kutafuna kwa kelele au vyenye ladha kali, ili apate kuvisikia.

(b) Kupenda mambo yasibadilike. Mtoto huyu hutegemea mazoea ili ajione salama. Kama chai yake huja katika kikombe cha buluu, basi chai ya kikombe chekundu si chai. Kama biskuti zake hutoka katika pakiti fulani, ukinunua za kampuni nyingine atazikataa hata kabla ya kuonja. Usidhani ni kiburi. Kwake hicho ni chakula kingine kabisa.

(c) Kutafuna na kumeza. Wengine misuli yao ya kinywa haifanyi kazi vizuri. Nyama huwachosha. Wengine hujaza kinywa mpaka pomoni na kumeza bila kutafuna, na hiyo ni hatari ya kupaliwa.

(d) Maumivu. Kufunga choo kunawapata sana watoto hawa, nako huondoa hamu ya kula. Jino bovu, vidonda vya mdomoni, kiungulia, minyoo, malaria, vyote vinaweza kumfanya mtoto aache chakula. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia, "Mama, jino linaniuma." Atasukuma sahani tu, au atajipiga shavu. Kwa hiyo ikiwa mtoto aliyekuwa akila ameacha ghafula, usianze na maonyo. Anza na kuangalia kinywa chake, choo chake na joto la mwili wake, kisha mpeleke kwa daktari.

3. HATARI ZILIZOPO

Wazazi wengine hujifariji kwa kusema, "Mradi ananenepa." Jambo hili linataka uangalifu. Mtoto anayeishi kwa chipsi, maandazi, biskuti na soda anaweza kuwa mnene, lakini mwili wake ukawa na njaa ya vitamini na madini. Unene haumaanishi kwamba ameshiba vizuri.

Madaktari wa nchi mbalimbali wameeleza habari za watoto wenye usonji waliopata kiseyeye kwa sababu hawakula tunda lolote wala mboga kwa muda mrefu. Watoto hao walilalamika miguu, wakaacha kutembea, fizi zikavimba na kutoka damu, na mara nyingine ilichukua muda kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Wako wengine waliopata matege kwa kukosa vitamini D na kalsiamu, na wengine macho yao yaliharibika kwa kukosa vitamini A. Upungufu wa damu nao hutokea kwa kukosa madini ya chuma.

Hatari nyingine ni kula visivyo chakula: udongo, chokaa ya ukutani, rangi iliyobanduka, karatasi, nyuzi za mkeka. Katika mji wetu udongo wa kula huuzwa sokoni hadharani, hata watu huuona ni jambo la kawaida. Kwa mtoto huyu si jambo la kupuuza. Udongo unaweza kuleta minyoo, na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu inayodhuru ubongo. Tena mara nyingine tabia hii ni dalili ya upungufu wa damu. Mwambie daktari ampime damu.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kadi ya kliniki. Wakati mtoto yu chini ya miaka 5 hupimwa uzito, na mstari wa kadi hutuonyesha kama anakua. Baada ya hapo wengi wetu huiweka kadi sandukuni. Kwa mtoto mwenye usonji kupima kusikome. Kila apelekwapo hospitali kwa jambo lolote, omba apimwe uzito na urefu, uandike katika daftari.

4. MAMBO YASIYOFAA

Kwanza, kumkaba. Wako wanaomlaza mtoto chali, wakambana pua na kumnywesha uji kwa nguvu. Uji unaweza kuingia katika mapafu, na mtoto anaweza kufa. Hata asipodhurika mwilini, atajifunza jambo moja tu: kwamba chakula ni vita. Kesho akiona kijiko atakimbia.

Pili, kumshindisha njaa. Mtoto wa kawaida akikosa chakula kimoja, njaa itamrudisha. Mtoto mwenye usonji wakati mwingine hasikii njaa kama tunavyoisikia sisi, naye anaweza kukaa bila kula mpaka akaugua. Mashauri ya "atakula tu" hayamfai.

Tatu, kumdanganya. Mama mwingine husaga maini na kuyaficha ndani ya uji anaoupenda mtoto. Mtoto akigundua, naye hugundua upesi, ataacha maini na uji pia. Umepoteza chakula kimoja katika vile vichache alivyokuwa navyo. Ukitaka kuongeza kitu katika uji, ongeza kidogo sana, hatua kwa hatua, wala usifanye siri.

Nne, mlo wa kuponya usonji. Tuangalie jambo hili kwa makini kwa kuwa linagusa mfuko wa familia. Wako wanaofundisha kwamba mtoto akiacha vyakula vyote vya ngano na vya maziwa, usonji utaondoka. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu ilishauri kwamba milo hiyo isitumiwe kama tiba ya usonji kwa watoto, kwa sababu ushahidi wa faida yake hautoshi. Tufikirie pia hali halisi. Ikiwa mtoto anakula vitu vinne tu, mkate, chapati, chai ya maziwa na chipsi, nawe ukamwondolea ngano na maziwa, umembakizia nini? Bila shaka yuko mtoto ambaye mwili wake kweli haupatani na ngano au maziwa. Lakini huyo hutambuliwa na daktari kwa vipimo, si na muuza dawa. Kadhalika vidonge vya vitamini visitolewe kiholela, maana vitamini A ikizidi ni sumu.

5. HATUA ZA KUFUATA NYUMBANI

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari, maana mwalimu bila daftari hafundishi.

Hatua ya kwanza: andika. Kwa siku 7 andika kila kitu mtoto alichokula na kunywa, saa ngapi, na katika chombo gani. Mwisho wa wiki tazama vyakula alivyovikubali. Je, vyote ni vikavu? Vyote ni vyeupe? Vyote ni laini? Hapo utaona mlango ambao mtoto ameuacha wazi. Daftari hili vile vile litamsaidia daktari kuliko maneno ya "hali kitu."

Hatua ya pili: weka ratiba. Chakula kiwe saa zile zile, mahali pale pale, kwa sahani ile ile. Kati ya mlo na mlo apewe maji tu, asiwe anatafuna biskuti na kunywa soda mchana kutwa, maana hayo huua hamu. Zima redio na televisheni. Mkalishe vizuri, miguu ikanyage chini au juu ya kigoda, maana mtoto anayening'iniza miguu huchoka upesi. Kwa mtoto asiyesema, mchoro wa sahani unaobandikwa ukutani humwonyesha kwamba saa ya kula imefika. Mlo usizidi nusu saa. Ukiisha, ondoa vyombo bila maneno makali.

Hatua ya tatu: asikose chakula anachokikubali. Katika kila mlo kiwepo kitu kimoja anachokijua. Kando yake, katika kisahani kingine, weka kidogo sana cha chakula kipya, kiasi cha punje chache. Usimwambie ale.

Hatua ya nne: panda ngazi. Kumeza ni kidato cha mwisho, si cha kwanza. Kidato cha kwanza ni mtoto kukubali chakula kiwe mezani bila kulia. Cha pili ni kukigusa kwa kidole. Cha tatu ni kukinusa. Cha nne ni kukilamba. Cha tano ni kukitia kinywani, hata akikitema. Cha sita ndipo kutafuna na kumeza. Kila kidato kinastahili sifa. Hata mtoto asiye na usonji huhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea, na huyu wetu huenda akahitaji zaidi. Kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Hatua ya tano: anza na ndugu wa chakula anachokipenda. Tuseme mtoto anakula chipsi za viazi mviringo tu. Usimrukishe mpaka kwenye mchicha. Mkatie viazi vitamu kwa umbo lile lile na umkaangie vile vile. Akizoea, vikate vinene kidogo. Baadaye vichemshe kidogo kabla ya kukaanga, na mwisho vichemshe tu. Kama anapenda uji mweupe, tia karanga zilizosagwa robo ya kijiko cha chai, ukae nacho wiki nzima, kisha uongeze tena robo. Kama anapenda andazi, ukande unga wake kwa yai moja. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Tunzo isiwe peremende wala soda. Iwe kile anachokipenda kukifanya: kuzungusha gurudumu la gari lake, kuchezea maji, kutazama daladala zikipita. Na wote nyumbani, baba, bibi na dada wa kazi, wafuate mpango mmoja. Mama akipanda ngazi na bibi akimshusha kwa biskuti, kazi haitakwisha.

6. VYAKULA VYA SOKO LETU

Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kampeni za redio za Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, na jinsi watu walivyokaa vikundi vikundi kusikiliza na kujadiliana. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilipoanzishwa. Fundisho la wakati ule lingali la kweli: vyakula bora havitoki ng'ambo tu. Kwa mtoto wetu tutafute yafuatayo.

Kwa mifupa: maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao. Dagaa wasafishwe mchanga, wakaushwe na kusagwa wawe unga laini. Mtoto anayechukia harufu yake aanze na chembe tu. Jua la asubuhi nalo humsaidia kupata vitamini D.

Kwa damu: maini, nyama ya kusaga, samaki wa Feri aliyeondolewa miba, maharage yaliyopondwa, na mboga za majani. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa huuzuia mwili usichukue vizuri madini ya chuma. Machungwa na mapera husaidia mwili kuyachukua.

Kwa macho: embe, papai, boga, karoti, viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, na mawese. Mtoto anayekataa kila mboga huenda akakubali chipsi za viazi hivyo.

Kwa kukinga kiseyeye: pera, ambalo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na ubuyu wenyewe, si ule uliopakwa sukari na rangi. Ikiwa nyuzi na mbegu humsumbua, kamua na uchuje.

Kwa choo: maji ya kutosha, papai, na matunda mengine kadiri atakavyoyakubali. Choo kikiendelea kuwa kigumu, daktari ana dawa salama.

Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, wala mtoto yeyote ajazaye kinywa. Vipande vyake viwe vidogo, na apewe kimoja kimoja.

7. WAPI PA KUPATA MSAADA

Mzazi anayeona kwamba mtoto wake hasemi kwa wakati wake, haitiki aitwapo jina, hakutazami usoni, au vyakula vyake vimepungua mpaka vimebaki vichache sana, asingoje. Aanze katika kituo cha afya kilicho karibu na aombe barua ya kumpeleka Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako wako madaktari wa watoto na wa afya ya akili. Kwa elimu, hapa hapa Ilala Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Mtoto akiwa katika dawa za kifafa au za kutuliza, mzazi asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Dawa nyingine huongeza hamu ya kula na uzito, basi na hilo aambiwe daktari.

8. SISI WENGINE TUFANYE NINI?

Katika Injili ya Marko tunasoma jinsi Bwana Yesu alivyomfufua binti wa Yairo, naye alikuwa na umri wa miaka 12. Baada ya tendo kubwa namna ile, neno alilowaagiza watu wa nyumbani lilikuwa dogo: binti apewe chakula. Nasi tusilidharau jambo la mtoto kula.

Baada ya Misa, wakati wa chai, mtoto akiziba masikio na kusukuma andazi, tusimkazie macho mama yake. Tumwulize, "Anapenda nini?" Walimu wa shule ya Jumapili wamruhusu aje na chakula chake katika chombo chake, wala wasimlazimishe kula soda na biskuti za wenzake. Kwenye harusi na misiba, ambako sinia ni la watu wengi, awekewe sahani yake pembeni. Kijana aliyepata Kipaimara, akishindwa na mkate wa Ekaristi kwa jinsi unavyogandamana kinywani, wazazi wake wazungumze na Padre mapema, siku ya kawaida, si pale altareni. Liko tayari jibu la mambo haya katika desturi ya Kanisa, maana anayepokea umbo moja tu amepokea Sakramenti kamili.

Na Umoja wa Akina Mama waweza kufanya jambo moja jepesi: kumshika mtoto saa moja kwa wiki, ili mama yake naye apate kula chakula chake kikiwa bado cha moto. Wako mama ambao hawajapata hivyo kwa miaka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sababu nne zinazomfanya mtoto mwenye usonji akatae chakula. Ni ipi ambayo watu wa mtaa wako huisahau?

2. Kwa nini si salama kumkaba mtoto au kumshindisha njaa?

3. Mtoto anakula mkate mweupe, chipsi na chai ya maziwa tu. Anakosa nini? Panga hatua tatu za kwanza utakazozifuata.

4. Jirani anauziwa unga wa bei kubwa wa kuponya usonji. Utamshauri nini, na kwa maneno gani ili asivunjike moyo?

5. Kikundi chenu kinaweza kumsaidiaje mzazi mmoja wa mtaa huu kabla ya mwezi kwisha? Andikeni jina la atakayekwenda, na siku yenyewe.